Kilio cha Fukusi wa Kapata

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kufukiza mahindi, mmenijia mara nyingi na swali lile lile: kwa nini dawa iliyokuwa ikiua fukusi zamani, siku hizi inawalewesha tu? Mnaniuliza mkiwa mmeshika vipimo vya gesi vyenye vioo vinavyowaka, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yangu hapa Kapata, napiga miayo. Leo nitawajibu. Fukusi wa hapa walipata usugu kwa sababu ya misiba yetu. Msicheke bado, sijafika pa kuchekea.

Jina langu ni Banza. Nilifukiza nafaka maisha yangu yote ya kazi, kwanza kule Lubudi ambako mahindi hupakiwa kwenye treni, halafu hapa, katika bohari ambalo kampuni ya mgodi ilituachia pamoja na paa lake linalovuja. Kazi yenyewe mnaijua. Unapanga magunia juu ya mbao, unaweka vidonge, unafunika lundo lote kwa turubai. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi, na gesi inapenya hadi ndani ya punje. Unafunga mlango, unachora fuvu la kichwa juu yake, unakwenda mbali, unangoja. Kungoja ndiyo kazi, na hayo mengine yote ni maandalizi ya kungoja.

Aliyenifundisha hivyo ni Tata, yaani Baba, Kasongo wa Lubudi, mtu mnene mwenye sikio moja zuri na lingine la kupamba kichwa. Lile zuri alilibandika kwenye gunia na kusikiliza funza wakitafuna ndani ya punje. Alipokuwa anasikiliza, kituo kizima kilipaswa kunyamaza, na siku moja nilimwona akimkunjia uso dereva wa treni kwa sababu injini ilikuwa inaunguruma. Alipomaliza aliinuka taratibu akajifuta vumbi shavuni.

"Banza," aliniambia, "banakula. Banakula na habana hata haya."

"Tuongeze vidonge, Tata?"

"Apana. Gazi haiue. Wakati njo inaua. Weye unafunga muzuri, unaikala, unaacha wakati ifanye kazi yake."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, lakini kuyaelewa kulinichukua miaka. Nilipokuja hapa Kapata, shefu, yaani mkuu wa bohari, mtu mwenye haraka na viatu vinavyong'aa, aliona fukusi wanabaki hai kila tukifukiza, akaamua tuzidishe vidonge maradufu na kufungua mapema. Mimi nilikubali kwa furaha. Tulipofungua na hewa ikasafika, fukusi walikuwa wamelala chali sakafuni, weusi tititi. Niliwafagia nikawafanya kilima. Shefu alitaka apigwe picha nao. Alichuchumaa kando ya kilima, akaweka mkono kiunoni, mimi nikasimama nyuma yake na ufagio, tukatabasamu. Mpiga picha alikuwa bado anatuambia tusogee kushoto wakati kilima kilipoanza kuondoka. Kilikwenda kwanza upande wa mlango, kisha kikabadili mawazo na kuelekea kwenye viatu vya shefu. Picha ipo. Shefu yuko hewani.

Basi andikeni hili vichwani mwenu. Gesi ikiwajia nyingi kwa ghafla, fukusi wengine huzimia, na aliyezimia anavuta kidogo sana. Wewe unamwona maiti, yeye anapumzika. Gesi ya kiasi chake, ikikaa muda mrefu bila kuvuja, ndiyo inayommaliza, pamoja na mayai na watoto waliojificha ndani ya punje. Ukifungua mapema wanakufa wanyonge tu. Wanaobaki ni wale wenye damu ngumu, na kwa kuwa wengine wote wamekufa, hawana wa kuoana nao ila wao kwa wao. Watoto wao wanazaliwa wakiwa wameshazoea. Rudia mchezo huo miaka michache, na utakuwa umeanzisha shule ya fukusi kwa vidonge vyako mwenyewe.

Sasa, nani alikuwa anafungua mapema? Hapo ndipo misiba inapoingia.

Turubai la bohari lilikuwa kubwa kuliko yote katika mtaa. Sisi tunaliita bashi. Na mtu akifa Kapata, watu wanakuja kukaa kwenye kilio, wanakaa uani siku kadhaa wakila, wakiimba na kucheza karata, na jua na mvua vinataka bashi. Kwa hiyo kila kifo kilileta ujumbe bohari: wajomba wawili au watatu, kofia mkononi, sauti ya chini. Utamwambia nini mtu aliyefiwa? Utamweleza habari za gesi? Tulifungua, tukaianika bashi kwenye ukuta, tukaitoa. Lundo lilibaki uchi katikati ya dawa. Bashi ilirudi ikinuka samaki, ina matundu ya mishumaa, na safari moja tulipoikunjua tulimkuta ndani mlevi mmoja wa kilio ambaye familia yake ilikuwa inamtafuta.

Zamani, kabla sijawalazimisha kuianika bashi siku nzima, iliondoka na harufu ya gesi. Waombolezaji wakalalamika kwamba inanuka karibaidi ya mafundi wa kuchomelea, wakaumwa vichwa, wakasema marehemu huyu huzuni yake ni kali sana. Nikisimulia hilo leo watu wanacheka, lakini mimi sicheki, maana gesi ile haichagui kati ya fukusi na shemeji. Hakuna aliyekufa, na namshukuru Mungu hadi leo.

Ndivyo ilivyokwenda. Kila mtu mwema aliyezikwa Kapata aliwaachia fukusi somo jipya. Mimi nilijaribu ninavyoweza. Niliziba nyufa za sakafu kwa saruji. Nilichoma takataka zote za kufagia, maana nje ya lundo ndiko mabingwa wanakojificha. Pembeni mwa turubai niliweka mizigo mirefu ya mchanga ili lishike sakafu, na kwa kuwa sikuwa na mifuko, nilikata miguu ya salopeti, zile ovaroli za kazi, za wazee wa mgodi, nikaishona upande mmoja, nikaijaza mchanga. Mtu akiingia bohari mara ya kwanza aliona miguu ya wanaume imelala kuzunguka mahindi, na wengine hawakuingia tena. Lakini uzibe vipi bashi ambayo iko kwenye kilio?

Basi akaja Mama Ngoie.

Mama Ngoie alikuwa akiongoza chama cha akina mama wanaolima upande wa barabara ya Lubudi. Kila mwaka baada ya mavuno malori yalikuja, yakanunua mahindi yote kwa bei ya kutupa, na masika yalipofika mama hao hao walinunua unga wa ng'ambo kwa machozi. Mwaka ule aliwashawishi wasiuze. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawaambia tutaweka bohari, tutakula bukari, ugali wetu wenyewe, wakati wa njaa. Wengine walikubali kwa shingo upande. Yakiharibika, hakuna mama ambaye angemsikiliza tena, na watoto wa Kapata wangelala na chai tu tumboni.

Mvua za kwanza zilipoanza nilichekecha sampuli. Niliwaweka fukusi kwenye chupa na gesi kidogo, kama nilivyofundishwa, ili nione wanachukua muda gani kuanguka na kama wakitolewa wanaamka. Walianguka kwa kuchelewa sana, na walipotolewa waliamka karibu wote. Mmoja aliamka akapanda juu ya mwenzake. Nilimwita mama nikamwonyesha.

"Hawa wamesoma," nilimwambia. "Nina makopo ya mwisho ya vidonge, na mengine hayapatikani mwaka huu. Nitafunika mara moja. Bashi isiguswe kwa zaidi ya wiki mbili. Ikiguswa katikati, mahindi yamekwisha."

Aliitazama chupa, akanitazama mimi.

"Tata Banza, na mutu akikufa?"

"Waombe wasife."

"Batu ba Kapata habasikiaka," alisema.

Na kweli hawakusikia. Lundo lilikuwa limefunikwa siku chache tu, miguu ya salopeti imelala vizuri, fuvu limechorwa, Tata Polo akafariki. Alikuwa dereva wa zamani wa mashine kubwa za mgodi, mzee aliyependwa na mtaa mzima, na mimi mwenyewe nilimlilia. Asubuhi ile ile ujumbe ukafika uwanjani kwetu bohari: wajomba watatu, mbele yao Tata Mwamba, mtu wa desturi ambaye hakuna harusi wala mazishi yaliyoendeshwa bila sauti yake. Kofia zilikuwa mikononi tayari.

"Tata Banza, tulikuya kulomba bashi," alisema. "Mvula iko inakuya."

Mdomo wangu ulifunguka, na najua ungesema ndiyo, maana haukuwahi kusema jambo lingine mbele ya aliyefiwa. Mama Ngoie alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja. Alisogea akasimama kati yetu.

"Bashi haiko," alisema. "Iko ku kilio."

"Kilio ya nani?" Tata Mwamba aliuliza.

Niliona mama anatafuta jina la mtu, na Kapata tunajuana wote. Hakulipata.

"Ya fukusi," alisema. "Bale ba mu bohari. Beko banakufa bengi."

Wajomba wawili walitazamana. Tata Mwamba aliangalia mlango wenye fuvu la kichwa. Huyu alikuwa mtu wa desturi, na desturi inasema bashi haivuliwi kilioni kabla kilio hakijamalizwa na mkubwa wa familia. Haisemi popote kwamba marehemu lazima awe na miguu miwili. Nilimwona akilipitia jambo hilo kichwani, upande huu na upande ule.

"Familia yabo njo nani?" aliuliza hatimaye.

Mama Ngoie akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Alibakomalisha, alibalea tangu zamani."

Tata Mwamba akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Tata," alisema, na hakucheka. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: kama kuna vilio viwili jirani, si heshima kukaa kimoja na kupita kingine, kwa hiyo watakaa vyote pamoja. Ng'ambo ya uwanja, upande upepo unakotoka, palikuwa na baraza la kantini ya zamani ya kampuni, lenye paa zima. Nikasema hapo ndipo mahali, na asivuke mtu kamba niliyoifunga. Kabla ya mchana viti vilikuwa vimeshapangwa, Tata Polo upande wa kulia, fukusi upande wa kushoto.

Vijana wangu, nimefukiza chini ya mashefu wa kila namna, lakini sijapata ulinzi kama ule. Mbuzi akikaribia bohari, mama sita wanainuka. Mtoto akirusha mpira, anaambiwa aheshimu wafu. Wanaume walicheza karata wakielekeza macho kwenye mlango wangu. Watu waliouliza marehemu ni nani walijibiwa kwa utulivu, Tata Polo na fukusi, na waliketi. Katekista alikuja kumwombea Tata Polo, na alipomaliza alisimama kidogo upande wa kushoto, akatafuta katika kitabu chake, hakuona kitu, akasema tuwaombee viumbe vyote. Mama mmoja aliniuliza kama waliugua muda mrefu. Nilimjibu kwamba hapana, walikuwa na afya nzuri mno, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Wachimbaji walifika kwa pikipiki kutoka machimbo ya Musonoi, kwa sababu chakula cha kilio kina sifa. Mama Ngoie aliwagawia viazi vitamu, maana mahindi yenyewe ndiyo tuliyokuwa tunayalinda. Kijana mmoja aitwaye Kabeya, mzaliwa wa Kasai, alikaa upande wa fukusi akalia sana, mpaka nikaona aibu nikamfuata.

"Kijana, unajua tunalilia nini hapa?"

"Najua, Tata. Balinieleza." Alifuta uso kwa mkono wenye udongo mwekundu. "Baba yangu alikufa kule, mi nilikuwa mu shimo, sikuenda. Sikupataka fasi ya kulilia. Niache nilie hapa, habatanikataza."

Nilimletea kiazi kingine nikakaa naye, na kuanzia hapo sikuthubutu kukicheka kilio kile moyoni.

Tata Polo alizikwa kwa heshima zote. Familia yake ilitoa shukrani, ikamaliza kilio chake. Ndipo Tata Mwamba alipoligeukia la pili. Alisema watu wamechoka, basi na mkubwa wa fukusi aseme neno la mwisho, bashi itoke, kila mtu arudi nyumbani. Mtaa wote ukanitazama. Gesi ilikuwa haijafika hata nusu ya kazi yake. Mama Ngoie alishika kona ya kitenge chake akaikunja, akaikunjua.

Nilikumbuka Tata Kasongo na wakati wake, nikakumbuka Lubudi.

"Hatuwezi kumaliza," nilisema. "Mjomba wao hajafika."

"Mujomba gani?"

"Upande wa mama. Yuko Lubudi. Anakuja na treni."

Baraza zima lilitoa pumzi. Nani atamaliza kilio bila mjomba wa upande wa mama? Na nani, katika nchi hii, atamlaumu mtu anayekuja na treni kutoka Lubudi kwa kuchelewa? Tata Mwamba alikaa tena kwenye kiti chake. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna habari ya mjomba, na kila asubuhi nilimwambia injini imeharibika, au reli imekatwa na mvua, au mjomba ameonekana kituo cha Tenke amelala. Wengine waliondoka, wengine walikuja kuwapokea zamu. Mzee mmoja aliapa kwamba anamfahamu mjomba huyo, ni mtu wa maneno mengi.

Muda ulipotimia nilifungua milango na madirisha, nikafunua upande wa upepo, nikaacha hewa ipite mpaka nilipokuwa na uhakika. Ningefurahi kumaliza hapo, lakini Tata Mwamba alikumbuka desturi nyingine: wafu lazima waonekane kabla ya kuagwa. Akaomba shuka nyeupe. Nilichekecha gunia la katikati, fukusi wakamwagika juu ya shuka katikati ya baraza, weusi, miguu juu. Watu walisimama kuzunguka. Mimi nilikuwa naiona ile picha ya shefu akiwa hewani.

"Tungoje," nilisema. "Leteni chai."

Tulikunywa chai tukiitazama shuka. Mama Ngoie hakushika kikombe, alikuwa amepiga magoti ukingoni, midomo inacheza bila sauti. Chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Kisha fukusi mmoja pale katikati akasogea.

Nilisikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa. Fukusi akasogea tena, akainuka kidogo, akaanza kwenda upande wa lango. Kabeya aliinama karibu, pua inagusa shuka.

"Ni siafu," alisema. "Anamubeba."

Na kweli, chini yake alikuwepo siafu mmoja, anakokota maiti kubwa kuliko yeye, anavuka shuka kwa shida. Tata Mwamba alivua kofia.

"Basi mujomba alifika," alisema. "Tumalize kilio."

Hapo ndipo pa kuchekea, na Kapata ilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Mama Ngoie hakucheka. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti. Katika kilio chote kile sikuwa nimemwona akitoa chozi.

Sikumwambia tumeshinda, kwa sababu mayai hayaonekani. Nilimpa chupa ya mahindi ya lundo lile, imefungwa kwa kitambaa chembamba, aiweke dirishani. Aliitazama kila asubuhi kabla ya sala. Mvua zilinyesha, njaa ikafika kwa majirani, chupa ikabaki kimya, hakutoka fukusi hata mmoja. Mwezi wa pili tulikula bukari yetu wenyewe, na nilimwona mama mmoja kati ya wale wa shingo upande akimpelekea Mama Ngoie sahani iliyofunikwa, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kusema kitu.

Tangu hapo akina mama wana bashi ya misiba na bohari lina turubai lake, na havikutani. Mahindi mengine huyaanika juani, mengine huyatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi, ili vidonge visiwe jibu la kila swali. Fanyeni hivyo. Ombeni vipimo vyenu vipya viwaambie ukweli, lakini msivitazame mkasahau kungoja.

Nami sina miaka mingi mbele. Nikifa na lundo likiwa limefunikwa, wajomba wangu watakuja uani kwenu, kofia mkononi, hasa kama ile bashi nyingine iko kwenye kilio cha mtu mwingine. Watakuwa na huzuni ya kweli, na ninyi mtaona haya kuwanyima. Wapeni viti, wapeni chai, waambieni Tata Banza aliacha neno: bashi isiguswe, anaweza kungoja. Mjomba wake bado yuko njiani kutoka Lubudi.